Tisa kwa tisa: kwa nini Burundi na Kongo zina wabunge sawa Arusha

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule ya sekondari hapa Tanzania. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mada ya Bunge la Afrika Mashariki, wanafunzi wakapiga hesabu ubaoni. Kila nchi ina wabunge tisa. Sisi tuko zaidi ya milioni 61, Burundi ni milioni 12 na kitu. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akasimama: 'Mwalimu, kwa hiyo Mrundi mmoja ni sawa na Watanzania watano?' Sikuwa na jibu. Nikawaambia kwamba Ulaya wanagawana viti kwa idadi ya watu, na sisi tutafika huko. Je, niliwaambia kweli? Mgao huu ni wa haki? Na kama si wa haki, tunaweza kuupeleka kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki?"

Mwalimu, kijana wako amepiga hesabu sawasawa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania. Gawa kwa tisa, unaona kila mbunge wetu katika Bunge hilo, lenye makao yake Arusha, amebeba watu wapatao milioni 6.9. Mwenzake wa Burundi amebeba milioni moja na laki tatu na ushee. Wa Kongo (Jamhuri ya Kidemokrasia), ambako makadirio yanazidi watu milioni 100, amebeba zaidi ya milioni 11. Naelewa swali lile lilivyokubana mbele ya darasa. Tumewafundisha watoto kwamba watu wote ni sawa, kisha tunawaonyesha Bunge ambalo, kwa macho, linasema vingine.

Ila hesabu ya kijana imeanza na jambo ambalo hakulitamka: kwamba kiti ni mali ya mtu mmoja mmoja. Nchi zinapoungana, kuna vitu viwili vinavyoweza kuhesabiwa. Unaweza kuhesabu vichwa, au unaweza kuhesabu waliotia saini. Ukihesabu vichwa, Kongo ni kubwa na Burundi ni ndogo. Ukihesabu saini, kila nchi ni moja. Bunge la Afrika Mashariki lilijengwa kwa hesabu ya saini, na ndiyo maana tisa haipandi wala haishuki.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jambo hili. Katika sensa hiyo hiyo Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na ina majimbo 50 katika Bunge la Muungano. Kila jimbo ni watu wasiofika 38,000. Bara kuna majimbo 222 tangu 2025, na kila jimbo kwa wastani ni watu kama 270,000. Hiyo ni tofauti ya mara saba, kubwa kuliko ile iliyomshtua kijana wako. Wapo wanaoilalamikia, lakini sababu yake inaeleweka: Muungano ni wa pande mbili, na upande mdogo ukipewa viti kwa vichwa peke yake utakuwa na sauti isiyosikika. Wakenya nao wana Seneti ambamo Nairobi, yenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, inachagua seneta mmoja wa kaunti sawa na Lamu yenye watu 143,920.

Tisa yenyewe ina historia. Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, ilikuwa na wabunge 27 wa kuteuliwa: tisa wa Kenya, tisa wa Uganda, tisa wa Tanzania. Jumuiya hiyo ilivunjika 1977. Mkataba mpya uliposainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, dibaji yake ilitaja wazi sababu za kuvunjika, na mojawapo ni kwamba faida za Jumuiya ziliendelea kugawanywa bila uwiano kati ya nchi kwa sababu ya tofauti zao za maendeleo. Soma dibaji hiyo pamoja na darasa. Ukiisoma unaelewa kwamba walioketi kuandika Mkataba walikuwa na jeraha ambalo bado halijapona, na hakuna aliyekuwa tayari kuweka mezani hesabu ambayo mwenzake angeiona kama kuzidiwa. Wakarudi kwenye tisa. Rwanda na Burundi zilipoingia 2007 zikapewa tisa, Sudan Kusini 2016 tisa, Kongo 2022 tisa, na Somalia iliyokamilisha uanachama 2024 ina haki ya tisa pia. Nchi nane, viti 72. Juu yao wapo mawaziri wa Afrika Mashariki, Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya, wanaoingia kwa nyadhifa zao na hawapigi kura.

Kuna upande wa pili wa sarafu ambao watu huusahau. Ibara ya 132 ya Mkataba inasema bajeti ya Jumuiya itachangiwa na nchi wanachama kwa usawa. Burundi, ambayo uchumi wake ni mdogo sana ukiulinganisha na wa Kenya, imewekewa mchango ule ule. Viti sawa na mchango sawa viliandikwa katika mkataba mmoja, na kwangu mimi haviwezi kujadiliwa kimoja kimoja. Mjadala wa kuwatoza zaidi wenye uchumi mkubwa umekuwa ukirudi mezani mara kwa mara. Siku mchango utakapoacha kuwa sawa, hoja ya viti sawa itabaki na mguu mmoja, na hapo sitashangaa wakubwa wakidai viti zaidi.

Sasa Ulaya. Hapa, mwalimu, itabidi urudi darasani ukasahihishe, na usione aibu, maana wengi wanaamini hivyo. Bunge la Ulaya halifuati idadi ya watu moja kwa moja. Mkataba wao unasema hakuna nchi itakayopata chini ya viti 6 wala zaidi ya 96, na katikati ya hapo wanatumia uwiano unaopungua: kadiri nchi inavyokuwa kubwa, ndivyo kila mbunge wake anavyobeba watu wengi zaidi. Tangu uchaguzi wa 2024 viti ni 720. Ujerumani ina 96, Ufaransa 81, Malta 6. Malta ina watu nusu milioni na kidogo, kwa hiyo mbunge wake anabeba kama watu 90,000. Wa Ujerumani anabeba zaidi ya 850,000. Kwa hesabu ya kijana wako, Mmalta mmoja ni karibu Wajerumani kumi. Ndiyo, Wajerumani wanapata viti vingi kuliko Wamalta, na hilo sisi hatuna. Lakini wamekubali kwa hiari yao kupata pungufu kuliko vichwa vyao.

Marekani walilitatua kwa kujenga nyumba mbili. Katika mapatano ya 1787 Seneti ilipewa viti viwili kwa kila jimbo, na Baraza la Wawakilishi likafuata idadi ya watu. Bunge la Afrika lililoko Midrand, Afrika Kusini, lina watano kwa kila nchi, iwe Nigeria au Shelisheli. Bunge la ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, lilichagua kati: kila nchi isipungue viti vitano, na Nigeria ikapewa 35 kati ya 115 ingawa ina zaidi ya nusu ya watu wa kanda. Hiyo ilikuwa hesabu ya kabla ya Mali, Burkina Faso na Niger kujitoa mwaka 2025.

Tuseme basi tunataka kugawa kwa vichwa tu. Kaa na darasa mfanye zoezi hili, kwa sababu humo ndimo mambo yanakuwa matamu. Chukua makadirio ya mamilioni, tuyaweke katika namba nzima: Kongo 105, Tanzania 62, Kenya 48, Uganda 46, Somalia 18, Rwanda 13, Burundi 12, Sudan Kusini 11. Jumla ni 315. Gawa kwa viti 72: kila kiti ni watu milioni 4.375. Kongo inapata 24 kamili. Tanzania 14.17, Kenya 10.97, Uganda 10.51, Somalia 4.11, Rwanda 2.97, Burundi 2.74, Sudan Kusini 2.51.

Mbunge hakatwi vipande. Mpe kila mmoja namba yake nzima kwanza: 24, 14, 10, 10, 4, 2, 2, 2. Jumla 68. Vimebaki viti vinne. Njia nyepesi ni kuwapa wenye baki kubwa: Kenya, Rwanda, Burundi. Vitatu vimekwenda. Cha nne kinagombewa na Uganda na Sudan Kusini, na ukiendelea na desimali utakuta wamelingana kabisa, 0.514 kwa 0.514. Ongeza watu laki moja tu Sudan Kusini, kiti kinakwenda Juba. Punguza laki moja, kinakwenda Kampala.

Usidhani hilo ni la kwenye ubao peke yake. Baada ya sensa ya 2020 jimbo la New York lilipoteza kiti kwa kupungukiwa watu 89. Na njia hii ya baki kubwa ina ugonjwa wake: baada ya sensa ya 1880 Wamarekani waligundua kwamba Alabama ingepata viti 8 Baraza likiwa na viti 299, lakini ingeshuka hadi 7 Baraza likiongezwa kuwa na 300. Viti vinaongezeka, mtu anapungukiwa! Waliiacha. Njia nyingine, iliyopendekezwa na Thomas Jefferson, aliyekuwa Rais wa Marekani, inatafuta namba ya kugawia ambayo ukitupa desimali zote viti vinatimia. Ijaribuni kwa mfano wetu, gaweni kwa milioni 4.18: Kongo inapanda hadi 25, Uganda inapata 11, Burundi inashuka hadi 2. Watu ni wale wale, viti ni vile vile 72, ila kanuni ya kukadiria imemhamishia mkubwa kiti cha mdogo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na katika mambo haya ngozi yenyewe ni desimali. Kwa hiyo anayekwambia "tugawane kwa idadi ya watu" bado hajakwambia kanuni gani, na ni hapo wanasiasa wanapogombania.

Tazama sasa matokeo. Kongo 24 na Tanzania 14 ni 38. Nusu ya 72 ni 36. Nchi mbili, zikipiga kura kwa umoja, zingepitisha muswada huku sita zimekaa zinatazama. Mweke kijana wako avae viatu vya Mnyarwanda au Mganda, kisha umuulize kama angeingia katika Jumuiya hiyo. Lakini uwe mkweli kwake na kwa upande wa pili: kwa mgao wa sasa, nchi tano zikiungana zinapata viti 45. Ukichukua Burundi, Sudan Kusini, Rwanda, Somalia na Uganda, hao ni watu milioni 100 kati ya 315. Chini ya theluthi moja ya watu wanaweza kuwashinda theluthi mbili. Hilo nalo si dogo, na asiyeliona hajalitazama vizuri.

Lipo pia tatizo ambalo hutangulia yote haya. Kongo ilifanya sensa yake ya mwisho 1984. Sudan Kusini haijahesabu watu tangu ipate uhuru 2011. Hesabu ya mwisho ilikuwa ya 2008, ikiwa bado ndani ya Sudan moja. Somalia haijakamilisha sensa ya taifa tangu miaka ya 1980. Zile 105, 11 na 18 nilizokupa ni makadirio, na umeona laki moja inavyohamisha kiti. Katiba ya Marekani iliagiza sensa kila baada ya miaka kumi kwa kazi hii hasa, ya kugawa viti. Sisi tukigawa leo kwa vichwa, nchi yenye watu wengi kuliko zote ndiyo ambayo hatujui kwa hakika ina watu wangapi.

Umeniuliza kama ni haki, nami sitakukimbia. Kwa Jumuiya jinsi ilivyo sasa, naona tisa kwa tisa ni haki, kwa sababu bado ni muungano wa nchi zinazojitawala na zinazoweza kuondoka. Kwa Jumuiya ambayo siku moja itakuwa shirikisho, haitatosha. Hapo ningependa njia ya kati: kiwango cha chini kwa kila nchi, kinachobaki kifuate watu. Kwa mfano wetu, kila nchi ipewe viti vinne, ni 32; vile 40 vinavyobaki vigawiwe kwa baki kubwa. Inatoka Kongo 17, Tanzania 12, Kenya na Uganda 10 kila moja, Somalia, Rwanda na Burundi 6 kila moja, Sudan Kusini 5. Hakuna nchi mbili zinazofikia 37. Fanyeni na hii ubaoni, kisha badilisheni kile kiwango cha chini kutoka nne kwenda tano au sita, muone nani anafurahi.

Kabla ya kuamua kama tisa ni nyingi au ni chache, waonyeshe pia wanafunzi Bunge lenyewe linaweza kufanya nini. Muswada ukipita, hauwi sheria mpaka Wakuu wa Nchi wauridhie. Mmoja wao akikataa unarudishwa bungeni. Ukipelekwa tena na mmoja akakataa tena, umekufa. Kwa maneno mengine kila nchi, kubwa au ndogo, ina kura turufu hata kama ingekuwa na mbunge mmoja. Na kanuni za Bunge zinataka akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ya nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, ambamo kila nchi iwe na angalau theluthi ya watu wake, yaani watatu. Desemba 2017, wabunge wa Burundi na Tanzania waliposusia uchaguzi wa Spika, ni suala hili la akidi lililozua mgogoro. Usawa wa nchi umeshonwa mahali pengi, na kubadili idadi ya viti peke yake kusingeufumua.

Kwa upande wangu, linaloniumiza zaidi ni lingine. Wale tisa hatuwachagui sisi. Ibara ya 50 inasema wanachaguliwa na Bunge la kila nchi, kutoka nje ya wabunge wake, wakiwakilisha kadiri inavyowezekana vyama, mitazamo, jinsia na makundi maalumu. Wetu wanachaguliwa Dodoma, na zipo nafasi zinazotengwa kwa wanawake, kwa Zanzibar na kwa upinzani. Uliza darasa ni nani anayeweza kumtaja mmoja wao. Mtu anayebeba watu milioni 6.9 ambao hawakumpigia kura na hawalijui jina lake, hata ukimgawanya awe wabunge watano, kila mmoja abebe milioni 1.4, bado hawatamjua.

Hapo ndipo swali lako la mahakama linapopata jibu. Kuhusu idadi ya tisa, hapana. Mahakama ya Afrika Mashariki inatafsiri Mkataba, na tisa imeandikwa ndani ya Mkataba wenyewe, haiwezi kuifuta. Kuibadili kunahitaji marekebisho chini ya Ibara ya 150, na marekebisho hayaanzi kutumika mpaka nchi zote ziyaridhie, Burundi ikiwemo. Lakini kuhusu namna tisa hao wanavyopatikana, mlango uko wazi na umeshafunguliwa. Mwaka 2006 mwanasiasa wa Kenya Anyang' Nyong'o na wenzake walipeleka shauri wakisema majina ya Kenya yalipatikana bila uchaguzi wa kweli. Novemba mwaka huo mahakama ikazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba Bunge la Kenya halikufanya uchaguzi unaotakiwa na Ibara ya 50.

Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki hiyo, na huhitaji kuwa mbunge wala chama. Ila muda ni miezi miwili tangu tendo lifanyike au tangu ulijue, na mahakama hiyo haina huruma na wanaochelewa. Kama siku moja wewe au wenzako mtaona uchaguzi wa wale tisa umekiuka Mkataba, msianze kwa kuniandikia. Nendeni ana kwa ana kwa wakili aliyewahi kusimama katika mahakama hiyo, wiki ile ile, mkiwa na nakala za kumbukumbu za kikao cha Bunge.

Kwa sasa, kama shule ina uwezo wa safari, Mkataba unataka Bunge likutane Arusha angalau mara moja kila mwaka. Andikeni barua kwa Katibu wa Bunge mapema muombe nafasi kwenye ukumbi wa wageni, na kijana wa Kidato cha Tatu aje na karatasi yake ya hesabu. Wabunge wetu tisa watakuwepo, na swali lake wanastahili kuulizwa wao.